Sura ya Tisa: Maji Yote Saba

Muuguzi wa zahanati ya Chihembe alipiga simu saa mbili na robo asubuhi. Sajenti Zablon Chilongani alikuwa bado hajamaliza chai.

"Afande, ni Mishi wa zahanati. Tangu juzi nimepokea watoto wanne. Wanatapika, matumbo yamewakaza. Mmoja amelegea, hata akiitwa haitiki. Nimewauliza mama zao wanachota maji wapi."

"Wapi?"

"Kisimani. Kile ulichokifungua wewe."

Zablon aliweka kikombe mezani.

"Niwaambie wasichote tena?" Mishi aliuliza.

"Hapana. Usitangaze kitu mpaka nichunguze. Utazua hofu, na utaniharibia kesi."

"Sawa, afande," Mishi alisema, lakini hakukata simu mara moja. Zablon ndiye aliyekata.

Kisima cha Chihembe kimechimbwa kwenye korongo la mchanga, mwendo mfupi baada ya kijiji cha Zuzu ukifuata reli kuelekea magharibi. Juu ya korongo hilo ipo yadi ya Damiani Matonya, ambaye huvunja betri chakavu za magari na kuyeyusha madini ya risasi yaliyomo ndani. Wiki tatu zilizopita fundi sanifu wa maji, Editha Ndahani, alipima kisima hicho akasema maji yana uchachu wa tindikali. Akakifunga kwa mnyororo. Damiani akaenda polisi kulalamika kwamba binti anamchafulia jina. Wanawake, ambao ghafla walilazimika kutembea na ndoo mpaka Zuzu, wakasimama upande wa Damiani.

Kesi alipewa Zablon. Alichukua kipimo cha Editha, kifaa cha kupimia uchachu wa maji, kama kielelezo, akakifungia stoo. Siku kumi na mbili baadaye alikirudisha kisimani, akampa fundi mwingine, Sostenes, apime mbele ya watu. Kipimo kikasoma saba nukta sifuri. Saba ni maji ya kawaida, hayana uchachu wowote; namba inavyoshuka chini ya hapo, uchachu unazidi. Kipimo ni kile kile, kisima ni kile kile, kwa hiyo Editha alikuwa mwongo. Alishtakiwa kwa kutoa taarifa ya uongo, akasimamishwa kazi, akatoka kwa dhamana. Kesi yake ilikuwa isikilizwe kesho, na shahidi wa kwanza alikuwa Zablon.

Siku ile ile ya kupima, Zablon alikata mnyororo kwa msumeno, yeye mwenyewe. Mama mmoja kijana, Sara, akamchotea kikombe cha kwanza. Alikunywa chote, akakigeuza chini juu kuwaonyesha. Wakampigia vigelegele.

Zilikuwa zimepita siku tisa.

*

Zablon alimkuta Sostenes kwenye yadi ya mabomba ya ofisi ya maji, amechuchumaa anakata nyuzi za kuungia bomba. Mtu wa miaka hamsini, mfupi, ovaroli imechanika gotini. Hakusimama.

"Damiani Matonya unamfahamu?" Zablon alianza.

"Nani asiyemfahamu? Ninamfahamu kama ninavyomfahamu mkuu wa mkoa. Wao ndio hawanifahamu mimi."

"Hajawahi kukutafuta? Kabla ya ile siku, au baada?"

Sostenes aliacha kukata. "Sema unachotaka kusema, afande."

"Watoto wanaumwa Chihembe. Maji yaliyosoma saba yanawatapisha. Kipimo kilikuwa mkononi mwako. Nataka kujua kama kuna kitu ulikifanya."

"Nilifanya ulichoniambia."

"Maana yake nini?"

Sostenes aliingiza mkono mfuko wa ovaroli, akatoa vipakiti viwili vya nailoni vyenye maji ndani. Kimoja kimeandikwa 4, kingine 7. Akaviweka juu ya bomba.

"Unavikumbuka hivi?"

Zablon alivitazama.

"Siku ile nilivitoa. Haya ni maji ambayo namba yake inajulikana. Kabla hujapima maji usiyoyajua, unatumbukiza elektrodi, kile kijiti cha kipimo, humu kwanza. Kwenye nne iseme nne, kwenye saba iseme saba. Isiposema, unairekebisha. Ikikataa kurekebishika, unaitupa. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza, hata mwanafunzi anaijua. Nikataka kupasua kipakiti. Ukanishika mkono."

"Nilisema kielelezo hakirekebishwi."

"Ulisema kielelezo hakirekebishwi, pima kama kilivyo. Ukasema nikigusa kitufe kingine chochote nitalala ndani. Watu wakacheka. Nikarudisha vipakiti mfukoni."

"Ungekataa."

"Wewe umeshawahi kukataliwa na mtu huku umeshika pingu?" Sostenes alirudi kwenye bomba lake. "Damiani hajanitafuta. Angenitafuta angekuwa anajisumbua. Ulikuwa umeshamfanyia kila kitu."

Zablon aliomba vipakiti. Sostenes akampa bila kumtazama.

*

Stoo ya vielelezo ilikuwa chini ya Koplo Ritha, mwanamke aliyekuwa akipigia mstari wa rula hata orodha ya vocha zake za simu. Zablon alimwambia alete kielelezo cha Chihembe na daftari lake.

"Kuna mtu amekifungua tangu tulipotoka kisimani?"

"Lakiri ni hii hapa, afande. Haijaguswa. Siku ile ulifungua wewe, ukafunga wewe."

"Na kabla ya siku ile? Zile siku kumi na mbili?"

"Hakuna. Ingekuwa imeandikwa."

Basi hakuna aliyekibadilisha. Zablon aliandika saa na sababu ya kufungua, Ritha akasaini kama shahidi, wakakata lakiri. Kilikuwa kifaa cha kijivu kinachokaa kiganjani, na waya uliomalizikia kwenye elektrodi: kijiti cha ukubwa wa kalamu, na nchani kitone cha kioo kama shanga. Ritha akapasua kipakiti cha nne ndani ya kikombe cha plastiki. Zablon akatumbukiza elektrodi.

Saba nukta sifuri.

Walisubiri dakika nzima. Saba nukta sifuri. Kwenye kipakiti cha saba, saba nukta sifuri. Ritha alifungua mfuko wake wa chakula, akatoa ndimu, akaikamua yote kwenye kikombe kingine mpaka chumba kikanuka.

"Jaribu hii, afande. Hii hata ulimi wangu unajua si saba."

Saba nukta sifuri.

Ritha alianza kucheka, akaona uso wa Zablon, akanyamaza. Alichukua simu yake, akawasha tochi, akainamia ncha ya elektrodi. "Kuna mstari hapa. Mwembamba kuliko unywele. Kimepasuka."

"Tangu lini?"

Ritha alifungua daftari kwenye ukurasa wa siku kielelezo kilipopokelewa, akaligeuza limwelekee Zablon. Zablon alisoma: *Kipimo cha maji kimoja, rangi ya kijivu, na elektrodi yake. Kimepokelewa kikivuja. Kimesafishwa na kukaushwa.* Chini yake palikuwa na sahihi. Z. Chilongani.

"Ile ncha ilikuwa na kifuniko," Ritha alisema polepole. "Kifuniko kilikuwa na maji ndani, na ukoko mweupe pembeni. Mimi nilitaka kukiandika hivyo hivyo. Ukasema hakuna kitu kibichi kinachoingia stoo hii. Ukamwaga yale maji dirishani. Ukafuta kwa leso. Ule ukoko ulikataa kutoka, ukaukwangua na ufunguo wa pikipiki."

Ufunguo huo ulikuwa unaning'inia kwenye mkanda wake.

Kila askari aliyepita mikononi mwa Zablon alifundishwa maneno matatu: kausha, safisha, funga. Miaka kumi na moja nyuma aliweka shati lenye damu kwenye mfuko likiwa bichi. Likaota ukungu, mkemia hakupata kitu, na mtu aliyemuua mkewe akatoka mahakamani anapiga mluzi. Tangu hapo hakuna kielelezo kilichoingia stoo kikiwa kibichi. Alikuwa akijisifia jambo hilo.

Alimpigia mkuu wake wa upelelezi, Afande Elisha, simu ikiwa kwenye spika, akamweleza yote akiwa amesimama.

"Nani anajua?" Elisha aliuliza.

"Mimi na Koplo Ritha."

"Vizuri. Andika kimepasukia stoo. Stoo haina jina, haiwezi kushtakiwa. Kesi ya binti itaondolewa kimya kimya baada ya miezi miwili."

"Daftari lina sahihi yangu, afande. Limeandikwa kimesafishwa."

"Daftari ni karatasi, Chilongani. Huwa zinamwagikiwa chai. Umebakiza miaka mingapi ustaafu?"

"Sita."

"Basi fikiri kama mtu mzima."

Simu ilikatika. Ritha alikuwa akitazama kikombe cha chai kilichokuwa kando ya daftari. Ni chai yake mwenyewe, ilikuwa pale tangu asubuhi. Alikiinua akakiweka sakafuni, mbali, karibu na mlango.

"Nisainie," Zablon alisema. "Ninatoka na kielelezo na daftari."

*

Editha aliishi na mama yake mwanzoni mwa Chihembe, nyumba ya tofali za kuchoma, zizi la mbuzi pembeni. Zablon aliegesha pikipiki njiani akaingia kwa miguu. Upepo ulikuwa unapuliza vumbi kama kawaida ya Julai. Mama mtu, Penina, mzee wa miaka sabini, alikuwa anapepeta uwele uani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Penina hakuacha kupepeta. "Umekuja kumchukua tena? Safari hii mwache avae viatu."

Siku ya kumkamata, Editha alikuwa peku. Alikuwa anaosha vyombo. Zablon alikuwa na haraka.

"Sijaja kumchukua."

"Basi wewe ni mgeni. Mgeni hupewa maji." Mama alisimama, akaingia ndani, akarudi na kikombe cha bati kimejaa mpaka ukingoni. "Sisi bado tunachota Zuzu. Kuna ndoo moja nilichota kwenye kisima chako, nikaiweka kwa ajili ya wageni maalumu. Kunywa. Ile siku ulikunywa mpaka ukakigeuza chini juu. Nilikuwepo."

Zablon alikipokea kwa mikono miwili, kwa sababu mzee alikuwa amempa kwa mikono miwili. Hakunywa. Penina alisubiri, mikono kiunoni.

"Kumbe," alisema.

Editha alitokea mlangoni. Msichana wa miaka ishirini na nane, mrefu, amejifunga khanga juu ya gauni. Aliona kikombe kwanza, kisha kipimo chake ndani ya mfuko wa polisi.

"Kimepasuka," Zablon alisema. "Nimekipasua mimi. Kinasoma saba kwenye kila kitu. Hata kwenye ndimu."

Editha alichukua mfuko, akakigeuza kipimo bila kukitoa.

"Ulikikausha?"

"Ndiyo."

"Kile kifuniko ulikimwaga?"

"Ndiyo. Nikakwangua ule ukoko. Kwa ufunguo."

Alifumba macho kidogo kama mtu aliyebanwa kidole. "Ule ni ukoko wa chumvi tu. Yale maji ya chumvi huwekwa makusudi, elektrodi haitakiwi kukauka. Na kile kioo ni kama ganda la yai la njiwa. Mimi hukigusa kwa maji tu, hata kwa karatasi laini sikifuti, nakigusisha tu." Akamtazama. "Nilikuambia siku ile. Nilikuambia, afande, usikiache kikauke. Unakumbuka ulichonijibu?"

"Usinifundishe kazi."

"Hukumalizia hapo."

Penina alikuwa amesimama palepale. Zablon alisema kwa sauti ndogo, "Nilisema, usinifundishe kazi, mwongo wewe."

"Haya," Editha alisema. "Kisima umeshakifunga?"

"Bado. Nimeona nianzie kwako. Nikuombe..."

"Bado?" Khanga ilimdondoka begani, hakuiokota. "Umekaa hapa umeshika kikombe, na watu wanachota? Afande, umeanzia mahali pasipofaa. Twende!"

Zablon aliweka kikombe chini. Kilipinduka, ardhi ikanywa.

*

Alikuwa amempigia Sostenes tangu alipopita Zuzu, na Sostenes alifika kisimani wakati mmoja nao, kipimo kizima cha ofisini kikiwa kwenye kiboksi alichokifunga kifuani kama mtoto. Kisimani walikuwepo wanawake kama ishirini na ndoo zao. Zablon aliposimama mbele ya mdomo wa kisima na kutandaza mikono, walianza.

"Leo tena hakuna? Afande, wewe na hiki kisima mna ugomvi gani?"

"Anafunga, anafungua. Kama mlango wa duka!"

"Na huyo Editha ametoka kufanya nini? Si alitudanganya?"

"Hakudanganya," Zablon alisema.

Alitumbukiza kipimo kilichopasuka kwenye maji ya kisima, akamwita mwanamke aliyepiga kelele kuliko wote aje asome. Saba. Akatoa mfukoni ndimu ya pili, aliyopewa na Ritha, akaikamua kwenye kikombe, akatumbukiza. Mwanamke alisoma, akasoma tena, akawageukia wenzake.

"Eti ndimu ni saba."

Walicheka. Zablon aliwaacha wamalize.

"Kimekufa hiki. Kilikuwa kimekufa ile siku tulipopima hapa. Hakikufa chenyewe, na wala hakikufia stoo. Nilikikwangua kwa ufunguo huu nikakipasua, halafu nikamkataza Sostenes asikijaribu. Imeandikwa kwenye daftari hili, na sahihi ni yangu. Kesho nitaisoma mahakamani. Editha alisema kweli. Mimi ndiye niliyewadanganya."

Safari hii hakuna aliyecheka. Editha alikuwa ameshachuchumaa. Alipasua vipakiti vilivyokuwa kwenye kiboksi cha Sostenes, akaonyesha kwenye kipimo kizima nne ikisoma nne na saba ikisoma saba, akaosha elektrodi, akaigusisha karatasi, akaishusha kisimani. Namba zilicheza kisha zikatulia. Hakuzisoma. Alimwinulia Zablon kipimo.

"Soma wewe. Wakusikie."

"Nne nukta moja," Zablon alisoma.

"Wengine hamkusikia?"

"Nne nukta moja!"

Mwanamke wa kwanza alimwaga ndoo yake. Kisha wa pili. Maji yalitiririka kwenye mchanga yakapotea, na juu ya korongo moshi wa yadi ya Damiani ulikuwa unapanda kama kila siku. Zablon aliutazama. Kwa huyo angekwenda, na sampuli za udongo, na hati ya kupekua, na safari hii angeuliza kwanza namna ya kuzibeba. Lakini kwanza mnyororo. Alikuwa ameutupa kwenye kichaka siku ile ya vigelegele. Aliutafuta kwa magoti, miiba ikimchoma, huku wanawake wakijitwika ndoo tupu na kumpita. Hakuna aliyemsaidia, na hakuna aliyemtukana. Angependa wamtukane.

Alikuwa anafunga kufuli aliposikia hatua mchangani. Sara alikuwa anateremka peke yake kutoka upande wa zahanati, dumu dogo mkononi, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Wenzake walikuwa wameshaondoka na njia nyingine. Alikuwa hajasikia lolote.

Aliona kofia ya polisi, akapiga goti kidogo, kwa adabu, kama alivyofanya siku alipompa kikombe.

"Shikamoo, afande. Naomba nichote kidogo tu. Ni ya mtoto. Dada Mishi amesema nimnyweshe maji mengi."

Zablon alifungua mdomo. Kabla ya neno lingine lolote, ilimpasa kwanza aitike marahaba.